Saizi ya Tairi kwa Gari la Zamani: Kimo Kwanza, Upana Baadaye

Magari madogo ya miaka ya 1980 na 1990 yaliyotoka Japani, ambayo mengi bado yanatembea katika barabara za Afrika Mashariki, kwa kawaida yaliundwa kwa rimu za inchi 13, ilhali magari ya leo ya daraja hilohilo hutumia rimu za inchi 14, 15 au zaidi. Kwa sababu hiyo, mwenye gari la zamani anapokosa dukani saizi iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, hushawishika kuchukua tairi lolote linalokaa kwenye rimu, au kubadili rimu na tairi kwa pamoja bila kupiga hesabu yoyote. Hata hivyo, tairi kukaa kwenye rimu si ushahidi kwamba linalifaa gari, na jibu la swali hilo limo katika maandishi ya ubavuni mwa tairi lenyewe.

Katika saizi ya 175/70R13 82T, iliyotumika sana kwa magari hayo, 175 ni upana wa tairi kwa milimita, na 70 ni kimo cha ubavu kikiwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 122.5. Herufi R huonyesha kwamba tairi ni radiali, ambalo nyuzi zake za ndani hukatiza moja kwa moja kutoka ukingo mmoja hadi wa pili, na 13 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Namba 82 ni kipimo cha mzigo, kinachomaanisha kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 475, na T ni kikomo cha mwendo, ambacho ni kilomita 190 kwa saa.

Ili kupata kimo cha tairi zima, kipenyo cha rimu, ambacho hapa ni milimita 330.2, hujumlishwa na mbavu mbili, ya juu na ya chini, na jumla huwa takriban milimita 575. Kimo hiki ndicho cha kulindwa kwanza, kwa sababu spidomita haipimi ardhi, bali huhesabu mizunguko. Tairi la 185/60R14 lina kimo cha milimita 578 hivi, tofauti isiyofikia hata asilimia 1, kwa hiyo linaweza kushika nafasi ya lile la awali. Kinyume chake, 185/65R14, linalokaa kwenye rimu ileile ya inchi 14, hufikia milimita 596, na hapo mshale ukionyesha kilomita 100 kwa saa gari huwa linakwenda karibu 104, huku injini ndogo ikipata shida zaidi kupanda mlima. Mafundi wengi hukubali tofauti isiyozidi asilimia 3.

Upana nao una mipaka yake, kwani tairi pana huweza kugusa madigadi usukani unapokatwa hadi mwisho au gari linapojaa abiria, na katika gari lisilo na pawa stelingi usukani huwa mzito. Tena, 195/50R15 lina kimo karibu kilekile cha tairi la awali, milimita 576, lakini ubavu wake ni milimita 97.5 tu, kwa hiyo shimo ambalo ubavu mrefu ungelimeza linaweza kuipinda rimu.

Kwa magari ya zamani zaidi, kama Volkswagen Beetle zilizotoka kiwandani na matairi ya 5.60-15, saizi ilitajwa kwa inchi, na nyuzi za tairi zilipishana mshazari. Saizi hiyo kwa kawaida hubadilishwa na radiali la 165/80R15, lenye kimo cha milimita 645, lakini aina hizo mbili zisichanganywe katika gari moja, kwa kuwa hushika barabara kwa namna tofauti.

Saizi ikishapatikana, kipimo cha mzigo kisiwe chini ya kile cha kiwandani, na tarehe ya kuundwa isomwe kwenye tarakimu nne za mwisho za maandishi yanayoanza na DOT: 2319, kwa mfano, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Jambo hili lina uzito zaidi kwa matairi ya mtumba, ambayo huweza kuwa na kashata nzuri ilhali mpira wake umekauka na kuanza kupasuka. Na rimu zikibadilishwa, tairi la spea libadilishwe pia au angalau lilingane kwa kimo, na nati zake zihakikiwe kwamba zinaifaa rimu hiyo, kwa sababu nati za rimu za chuma na za rimu za aloi aghalabu hutofautiana.