Tunanunua Shaba au Tunanunua Jina?

Hivi majuzi wazee wa kanisa moja pembezoni mwa mji wa Kitale waliniomba niandamane nao kwenda kununua vyombo vya kupaza sauti. Sijui ni kwa nini walidhani mwanaisimu anafahamu mambo ya stima. Labda ni kwa sababu wamezoea kuniona vijijini na kinasa sauti begani. Fedha zenyewe zilikuwa za harambee, na humo mlikuwa na pesa za akina mama waliouza mahindi kabla bei haijapanda.

Amplifaya na spika tulizipata bila taabu. Mzozo ulizuka tulipofikia nyaya. Muuzaji alituwekea mbele waya wa kawaida na mwingine wenye ganda linalong'aa na jeki za rangi ya dhahabu, bei yake mara sita ya ule wa kwanza. "Mwalimu, hii ndiyo orijino yenyewe," akaniambia. "Hiyo nyingine ni orijino ya kawaida."

Msomaji ataniwia radhi nikisita kidogo kwenye neno hilo. Orijino liliingia katika Kiswahili cha sokoni likiwa na maana ya kitu halisi, kisichoigizwa. Neno kama hilo likianza kuhitaji vivumishi vya kulithibitisha, basi haliisifu bidhaa tena, linataja bei tu.

Kazi ya waya wa spika ni kupitisha umeme bila kuupunguza mno. Kinachoupunguza ni ukinzani, nao hutegemea urefu wa waya, unene wake na madini yaliyomo. Tuchukue spika ya omu 8 iliyo mita 30 kutoka kwa amplifaya, umbali wa kawaida katika matanga au kwenye uwanja wa shule. Ikitumia waya wa shaba wa nusu milimita mraba, spika hiyo itapata chini ya thuluthi mbili za nguvu ambazo ingepata kama ingekuwa kando ya amplifaya. Ikitumia waya wa milimita mraba 2.5, kipimo kile kile cha nyaya za soketi majumbani, itapoteza chini ya sehemu moja ya kumi. Tofauti hiyo ni ya kweli, na inauzwa kwa mita katika duka lolote la vifaa vya ujenzi.

Ulaghai wa kweli uko kwenye waya wa alumini uliopakwa shaba. Ukinzani wa alumini ni takriban mara 1.6 ya ule wa shaba, na waya huo hukatika upesi ukikunjwakunjwa. Ukwaruze kwa kisu: ukiwa mwekundu nje na mweupe ndani, urudishe. Ukiwa mweupe nje na mwekundu ndani, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, wala haina kosa. Nayo dhahabu ya jeki haishiki kutu, lakini hupitisha umeme kwa ugumu zaidi kuliko shaba.

Haya si mageni. Mwaka 2007 Mmarekani James Randi aliweka dola milioni moja kwa yeyote ambaye angeweza, kwa sikio tu, kutofautisha nyaya za spika za dola 7,250 na nyaya za kawaida. Zawadi hiyo haikuwahi kutolewa.

Hata hivyo, nisingependa kudhaniwa kwamba naupuuza waya. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda Bungoma kumrekodi mzee aliyeitwa kuongoza kumuse, ile hotuba ya Wabukusu ya kufariji na kukumbusha historia baada ya mazishi ya mzee mheshimiwa. Waya wangu wa kipaza sauti niliununua ghali, wenye jeki za dhahabu, lakini ulikuwa wa nyuzi mbili tu, nami niliupitisha sambamba na waya wa jenereta. Nilirudi na mngurumo. Stima yetu huzunguka mara 50 kwa sekunde, na mngurumo wake hurudia kwenye 100 na 150, mahali penyewe sauti ya mwanamume mzima inapokaa. Lubukusu ni lugha ya toni. Toni zisiposikika, nusu ya maneno imekwenda. Waya wa nyuzi tatu, ambao hupeleka sauti kwa njia mbili zilizo kinyume ili mngurumo ujifute mwishoni, ungeniokoa kwa bei ya chini zaidi. Mzee yule ameshafariki, na sikupata kumrekodi tena.

Pale Kitale tulinunua waya wa milimita 2.5 kwa mita, na wa nyuzi tatu kwa vipaza sauti. Fundi wa redio akazilehemu jeki tukimtazama. Pesa zilizobaki zilitosha kipaza sauti cha pili, kwa ajili ya kwaya. Mwenye duka la kwanza alituona tukipita na mzigo wetu, asituage.