Kulipa Kabla ya Kuona: Malipo ya Mtandaoni na Amana Katika Biashara Zetu



Ndugu Waislamu, biashara ya leo katika mkoa wetu wa Kagera haiishii tena kwenye meza ya soko. Msimu wa senene unapoingia, ndugu zetu walioko Dar es Salaam huagiza ndoo zao kwa simu, hulipa kwa simu, na mzigo hupandishwa basi Bukoba kwenda mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000 bila ya muuzaji na mnunuzi kuonana uso kwa uso. Vivyo hivyo, vitenge, viatu, simu na vitabu vya watoto huteremshwa Muleba na Bukoba vikiwa vimekwisha kulipiwa siku nyingi kabla ya kufika.

Jambo hili lina kheri nyingi, lakini pia limewaliza wengi. Tumeona ni vyema katika makala ya leo tueleze namna malipo haya yanavyofanya kazi, kisha tuyapime kwa mizani ya dini yetu, ili familia zetu zinufaike nayo bila ya kudhulumu wala kudhulumiwa.

Tuchukue mfano wa mama wa Kamachumu, wilayani Muleba, ambaye ameweka akiba ya mauzo ya ndizi na kahawa hadi ikafika shilingi 280,000. Anataka cherehani ili ashone sare za shule na apate ada ya wanawe. Binti yake anamwonesha picha ya cherehani katika simu, muuzaji akiwa Kariakoo. Muuzaji anasema: tuma fedha, nami nitume mzigo kesho. Je, mama huyu afanye nini?

Fedha husafiri vipi?

Kwanza tuelewe kwamba fedha za simu hazirushwi hewani kama wengi wanavyodhani. Huduma hizi zilianza kwa jirani zetu Kenya mwezi Machi 2007 kwa jina la M-Pesa, na mwaka 2008 Vodacom ikaileta hapa Tanzania. Zikafuata huduma za kampuni nyingine, ikiwemo Tigo Pesa ya mwaka 2010, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Mixx by Yas. Kila shilingi inayoonekana kama salio katika simu ya mteja inapaswa kuwa na shilingi halisi iliyohifadhiwa benki katika akaunti maalumu ya amana, iliyotengwa na mali ya kampuni yenyewe. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 pamoja na kanuni zake ndizo zinazosimamia jambo hilo, chini ya Benki Kuu ya Tanzania.

Kwa hiyo, mama wa Kamachumu anapompa wakala noti zake, anabadilisha noti kwa haki iliyoandikwa katika daftari la kielektroniki. Anapolipa, mtambo wa kampuni huangalia mambo mawili: je, namba ya siri ni sahihi, na je, salio linatosha? Kisha humwonesha jina la mpokeaji ili ahakikishe. Akikubali, salio lake hupunguzwa, la muuzaji huongezwa, na wote wawili hupata ujumbe wenye namba ya muamala, kiasi na saa. Noti hazikutoka Kamachumu, ila umiliki wake umehama.

Zamani mtu wa mtandao mmoja alipata taabu kumlipa wa mtandao mwingine. Kampuni zilianza kuunganishwa mwaka 2014, na M-Pesa ikajiunga mwaka 2016. Baadaye Benki Kuu ikajenga mfumo wa malipo ya papo kwa papo uitwao TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu.

Njia ya pili ni kadi ya benki. Katika duka la mtandaoni mnunuzi huandika namba zilizo mbele ya kadi, tarehe ya kwisha kwake na tarakimu tatu za nyuma. Duka halichukui fedha lenyewe. Hupeleka ombi kwa kampuni inayopokea malipo, ambayo hulipitisha katika mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard, hadi benki ya mnunuzi. Benki hiyo huweza kutuma tarakimu za muda mfupi katika simu ya mwenye kadi ili ithibitishe kwamba ni yeye, kisha hujibu ndiyo au hapana. Yote hayo huchukua sekunde chache, ingawa fedha zenyewe hukabidhiwa kwa muuzaji baadaye. Na ipo kadi isiyoshikika mkononi, ambayo mtu huitengeneza ndani ya simu yake na kuitia fedha za matumizi hayo tu.

Njia ya tatu ni lipa namba, ambayo ni namba ya biashara aliyosajiliwa muuzaji, na ya nne ni kulipa mzigo unapopokewa.

Tofauti kubwa ambayo kila familia inapaswa kuijua ni hii: aliyelipa kwa kadi anaweza kupeleka malalamiko kwa benki yake iwapo mzigo haukufika, na kuna utaratibu wa kudai fedha zirudishwe. Aliyetuma kwa namba ya mtu binafsi amefanya sawa na kukabidhi noti mkononi. Muuzaji akishazitoa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi ngumu.

Dini inasemaje?

Huenda mtu akauliza: je, mauziano ya watu wasioonana yanasihi? Baraza la Fiqhi ya Kiislamu la Jumuiya ya Nchi za Kiislamu lililizingatia suala hili mjini Jeddah mwezi Machi 1990, kabla mtandao haujafika kwetu. Katika azimio lake namba 52, lilikubali kwamba mkataba unaweza kufungwa kwa maandishi au kwa vyombo vya mawasiliano, na kwamba wanaozungumza kwa simu kwa wakati mmoja ni kama watu waliokaa pamoja. Lakini likatoa nje mambo matatu: ndoa, kwa sababu ya mashahidi, kubadilishana fedha kwa fedha, kwa sababu ya sharti la kukabidhiana papo hapo, na biashara ya salam, kwa sababu bei yake hutakiwa kulipwa mbele. Katika kikao hicho hicho, azimio namba 53 likakubali kwamba fedha kuingizwa katika akaunti ya mtu ni aina ya kukabidhiwa, hata kama hajazishika.

Hapa ndipo watu wa Kagera tunapopaswa kutulia na kufikiri, maana sisi tunakijua vizuri kisa cha kulipa kabla ya kuona. Ni nani asiyeijua butura? Mkulima mwenye shida ya ada au ugonjwa humwendea mlanguzi, naye humnunulia kahawa ingali maua mtini, kwa bei ya kuumiza. Msimu ukifika, mlanguzi huvuna jasho la mwenziwe, na mkulima hubaki akitazama migogo yake mitupu. Serikali imeipiga vita biashara hiyo mara nyingi.

Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana fedha mbele kwa matunda ya mwaka mmoja na miwili. Hakuifuta biashara hiyo yote, bali aliiwekea mipaka: kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo salam. Na alikataza kuuza matunda ya mti kabla ya kuonekana kukomaa kwake, kwa kuwa hakuna ajuaye kama yatasalimika. Butura imeangukia katika katazo hilo, kwa sababu huuzwa maua ya miti maalumu. Salam ni halali, kwa sababu muuzaji hujifunga kuleta bidhaa yenye sifa zilizotajwa, kutoka popote atakapoipata, na bei yote hulipwa wakati wa mapatano.

Sasa turudi kwa mama yetu. Muuzaji wa Kariakoo akisema tu "cherehani nzuri, njoo inboksi", hajataja kitu. Akitaja aina yake, kuwa mpya au iliyotumika, ya mguu au ya umeme, bei yake, gharama ya basi na siku ya kuwasili, hapo pana mauziano yanayoeleweka. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu Afrika Mashariki, maulamaa wana msimamo mkali juu ya kuuza kitu maalumu ambacho mnunuzi hajakiona. Lakini bidhaa inayoelezwa kwa sifa na kuwa katika dhima ya muuzaji ina mlango wake. Na muuzaji ambaye hana kitu, wala hajapatana na mwenye nacho, kisha akauza picha aliyoichukua kwa mwingine kana kwamba ni mali yake, basi akumbuke kwamba Mtume (SAW) alimkataza sahaba wake kuuza asichokuwa nacho.

Aidha, aya ya 282 ya Surat al-Baqara inatuamrisha kuandika deni la muda, na inataja mashahidi katika kuuziana. Ujumbe wa muamala, mazungumzo yaliyoandikwa na stakabadhi ya basi ni maandishi yetu ya leo. Familia isiyafute mpaka mzigo ufike na kukaguliwa.

Riba isiyoonekana

Yako mambo mawili mengine ambayo hupita machoni mwa wengi. La kwanza ni mkopo wa kukamilisha muamala. Salio likipungua, simu huuliza kama mteja anataka kukopeshwa kilichopungua, kisha humtoza ziada inayokua kadiri siku zinavyopita. Makato ya kutuma fedha ni ujira wa kazi, na hayana ubaya. Lakini ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo, inayoongezeka kwa kuchelewa, ndiyo ile riba tuliyokatazwa. Ni bora mama asubiri wiki moja atimize fedha yake kuliko kupata cherehani iliyofungwa kwa riba.

La pili ni gawio. Fedha za amana zikikaa benki huzaa faida, na mwaka 2014 Tigo ilianza kuwagawia wateja wake wa Tanzania sehemu ya faida hiyo. Muislamu anayekuta katika simu yake nyongeza asiyoifanyia kazi, itokayo katika riba ya benki, maulamaa wengi humshauri asiitumie kwa nafsi yake, bali aitoe kwa wahitaji au katika maslahi ya watu wote, kwa nia ya kujitakasa nayo. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Jihadharini na matapeli

Ni nani kati yetu hajapata ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii"? Mwizi wa namna hiyo hahitaji kuvunja mtambo wowote. Hutuma ujumbe kwa maelfu ya watu, akitaraji kwamba miongoni mwao yuko aliyekuwa karibu kumtumia mtu fedha. Mwingine hupiga simu akijifanya mfanyakazi wa kampuni na kuomba namba ya siri. Wa tatu hufungua duka la uongo kwa picha za watu wengine. Na alama ya kufuli katika anwani ya tovuti inaonesha tu kuwa mawasiliano yamefichwa yasisomwe njiani. Haishuhudii uaminifu wa mwenye duka.

Kwa hiyo tunawanasihi wazazi na vijana wazingatie yafuatayo:

Mosi, namba ya siri na tarakimu za uthibitisho hazisemwi kwa mtu yeyote, awe wakala au mtoa huduma.

Pili, jina linaloonekana kabla ya kuthibitisha lisomwe kwa sauti, na lisipolingana na jina la muuzaji, malipo yasitishwe.

Tatu, kwa muuzaji mgeni, ombeni kulipa mzigo unapofika, au mumtume ndugu aliyeko mjini aende dukani akakague kabla ya fedha kutumwa. Ndugu ni dhamana ya zamani, na bado haijapitwa na wakati.

Nne, aliyekosea namba aiarifu kampuni yake mara moja, kabla fedha hazijatolewa. Na aliyeingiziwa fedha kwa makosa ajue kwamba hiyo si riziki iliyoshuka, bali ni mali ya mtu; airudishe kupitia kampuni, asije akanaswa na tapeli anayedai fedha ambazo hakutuma.

Tano, ujumbe wa kitapeli upelekwe kwenye namba 15040 ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kila mtu ahakiki kwa kupiga *106# kama kuna laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake bila ya yeye kujua.

Nanyi wauzaji wa Bukoba na Muleba, mnaouza senene, kahawa na vanila kwa watu wa mbali, jueni kwamba mnunuzi aliyetuma fedha zake amewakabidhi amana. Ndoo iandikwayo kilo tano iwe kilo tano. Mzigo ukichelewa, semeni ukweli. Ukikosekana, rudisheni fedha kabla hamjaombwa. Mfanyabiashara mkweli ana daraja kubwa mbele ya Mola wake, awe sokoni au mtandaoni.

Huyo mama wa Kamachumu alikuwa mfano tu, lakini wa sampuli yake ni wengi. Shilingi 280,000 kwake ni ada, ni chakula, ni heshima ya nyumba. Anayemtumia cherehani yake ikiwa salama amemsaidia kusomesha watoto, na anayezila amekula jasho la mayatima na wajane pasipo kuwaona nyuso zao. Kutoonana hakuondoi hesabu, kwani Mwenyezi Mungu (SW) anawaona wote wawili.

Tunamuomba Mola atupe riziki ya halali, na atuepushe na dhulma ya kuitenda na ya kutendewa. Wabillahi tawfiq.