Paipu Ikivuja Remba: Nunua Ipi, Acha Ipi

Kabla ya kumpigia fundi simu, tega kikombe cha robo lita chini ya mvujo na utazame saa. Kikijaa kwa dakika 10, unapoteza lita 36 kwa siku, karibu mitungi miwili ya lita 20. Kama maji hupandishwa tangini kwa pampu ya petroli, hapo ni mafuta yanayomwagika.

Kisiwani Remba, paipu huuawa na jua na miguu ya watu. Remba ni mwamba, na pale usipoweza kuchimba mtaro, paipu hulala juu ya jiwe kati ya nyumba za mabati, ikikanyagwa na kila apitaye na ndoo.

Kwa leo, tafuta tyubu kuukuu ya baiskeli. Funga maji, kausha paipu, kata ukanda na uuzungushe huku ukiuvuta kwa nguvu, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, kisha ukaze kwa waya. Ukanda huo unashika vizuri kwenye sehemu iliyonyooka. Kwenye kiungo, usijisumbue.

Halafu uende dukani. Paipu ya PVC ya kubandika kwa gundi mara nyingi ndiyo ya bei ya chini, na ndiyo nisiyokushauri kwa nje. Jua huikausha hadi inapasuka kama ganda la yai. Gundi yake hutaka paipu kavu, na mara nyingi ukae siku nzima kabla ya kurudisha maji kwa nguvu. Tena utalazimika kununua kopo zima kwa kiungo kimoja, na likishafunguliwa gundi iliyobaki hukauka.

Ile ya kijani ya kuchomelea, PPR, ni imara. Shida ni mashine: inapasha joto hadi nyuzi 260 hivi, na sola ya taa na simu haiiwezi. Utatafuta jenereta, mashine na mtu wa kuishika, mpaka bei ya paipu ionekane chenji. Kama fundi anaishi hapo hapo kisiwani na ana vifaa vyake, itumie ndani ya nyumba. Juani nayo huzeeka.

Chuma hakiogopi miguu wala jua, ila kinashika kutu, ni kizito botini, na nyuzi zake za kufungia viungo hukatwa kwa kifaa maalumu. Kinunue kipande kifupi tu, cha kuweka karibu na pampu inayotikisika.

Pesa yangu ningeiweka kwenye paipu nyeusi ya roli. Ule weusi ni masizi ya kaboni yanayokinga plastiki dhidi ya jua. Huuzwa kwa mita, huviringishwa ukaibeba begani, na viungo vyake hukazwa kwa mkono bila moto wala gundi. Soketi yake ni ghali kuliko ya kubandika, lakini unaweza kuifungua na kuitumia tena. Usiikunje kona kali, itajibana, weka elbo.

Bei ya bara, iwe ya Mbita au ya Sori upande wa Migori, haijahesabu boti. Tuseme soketi ni shilingi 150 bara na 250 kisiwani. Ukihitaji moja, lipa hiyo 250 na urudi kazini, maana nauli ya kwenda na kurudi itaipita ile mia ya tofauti. Ukihitaji mita 30 na viungo sita, subiri jirani anayesafiri. Mpe kipande ulichokata akibebe, asiende na kipimo cha mdomo: paipu nyeusi hupimwa upana wa nje, na ya chuma huitwa kwa inchi ambazo hata rula haizithibitishi. Muulize mwenye boti mapema anatoza mzigo kiasi gani.

Fundi wa kutoka bara ana gharama zisizotajwa kwenye simu: nauli, chakula, pa kulala ziwa likichafuka, na ada ya kutoa pesa kwenye simu. Muulize jumla ya gharama, si malipo ya kazi tu. Vifaa nunua mwenyewe, na nusu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka maji yapite usiku mmoja bila tone. Na mkubaliane waziwazi: kiungo chake kikivuja wiki ijayo, nauli ya kurudi ni ya nani?

Maji ya kwanza baada ya matengenezo yamwage, kisha tia dawa ya klorini tangini kama pakiti inavyoelekeza. Kabla ya kuzibwa, kila pampu ilipozimwa, tundu lile lile lililokuwa likitoa maji liliweza kuvuta uchafu wa nje. Ukiagiza, ongeza soketi mbili za akiba na uziweke pamoja na msumeno.