Ufa Huanzia Wapi

Baa ya chensoo ikivunjika porini, kipande hutupwa kichakani na lawama hupelekwa dukani: chuma feki. Pengine ni kweli, maana baa za bandia zipo, na chuma ambacho hakikupikwa ipasavyo hupinda mapema. Lakini aliyekitupa kipande ametupa ushahidi. Uso wa chuma kilichovunjika husomeka kwa macho matupu, na mara nyingi humwondolea muuza duka lawama.

Kiinue kipande mwangani utazame pale kilipoachana. Ukiona uso wote una punjepunje, unang'aa kwa rangi moja, baa ilivunjika kwa pigo moja: gogo liliiangukia, au mtu aliigeuza mtaimbo. Ukiona sehemu mbili, moja laini yenye weusi wa oili au kutu na nyingine mpya yenye punje, basi ufa ulikuwapo siku nyingi. Ile sehemu laini ndiyo njia ulimopita. Kingo zake mbili zilikuwa zikisuguana kila baa ilipojipinda, na oili ikapenya. Sehemu mpya ni chuma kilichobaki kikibeba mzigo peke yake hadi kikashindwa.

Wahandisi huita hali hii uchovu wa chuma, na somo lake liligharimu maisha. Mwezi Mei 1842 ekseli ya injini ya treni ilikatika karibu na Meudon, Ufaransa, mabehewa yakapandana na kuwaka moto, na makumi ya abiria wakafa. Katika miongo ya 1850 na 1860 August Wöhler, mhandisi wa reli huko Prussia, alizijaribu ekseli kwa subira ya ajabu, akaonyesha kwamba mzigo mdogo, usioweza kamwe kuvunja chuma kwa mara moja, hukivunja ukirudiwa mara za kutosha. Aliyewahi kukata waya bila koleo, kwa kuukunja huku na huku, anaijua kanuni ya Wöhler hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Ufa huo hauchagui mahali ovyo. Huanza pale ambapo nguvu zinazopita ndani ya chuma hulazimika kukizunguka kitu: ukingo wa tundu la oili, tundu la pini ya kukazia mnyororo, mwisho wa ule mwanya mrefu wa boliti, ribiti za ncha. Hata mkwaruzo mzito unatosha. Karibu na mashine ndipo mkunjo huwa mkali zaidi, kwa kuwa boliti zimeishika baa upande mmoja na mti umeishika upande wa pili. Nati zikilegea, baa hucheza, na matundu hayo yote hugongwa kutwa nzima.

Baa nyingi za mashine ndogo si bamba moja. Ni mabamba matatu yaliyochomelewa pamoja nukta kwa nukta. La katikati ni jembamba na limeingia ndani kidogo, na pengo linaloachwa ukingoni ndilo mfereji wa mnyororo. Ni nyepesi, tena bei yake inavumilika, lakini zikipindwa sana mabamba huachana. Baa ya bamba moja, ambayo mfereji wake umechongwa ndani ya chuma, hustahimili zaidi.

Na mpindaji mkuu ni mti wenyewe. Gogo lililolala juu ya vitegemeo viwili hubonyea katikati: nyuzi za juu zinabanana, za chini zinavutana. Ukilikata kutoka juu, baada ya muda mfupi mkato hujifunga na kuing'ata baa. Gogo lililoshikiliwa upande mmoja tu, upande wa pili ukining'inia, hufanya kinyume. Mtu akibanwa hivyo, mikono humtuma kuisokota mashine kushoto na kulia hadi ichomoke, na hapo ndipo nyufa nyingi huzaliwa. Zima injini, linyanyue gogo, gonga kabari ndani ya mkato. Kabari iwe ya mti au plastiki; ya chuma itayamaliza meno ya mnyororo mara yatakapoigusa.

Kuna mpindo mwingine usio na kelele. Meno ya kushoto yakinolewa hadi yakawa mafupi kuliko ya kulia, mkato huenda tao, nayo baa iliyonyooka hulazimishwa kufuata tao hilo. Mwenye mashine huona haikati vizuri, basi huikandamiza. Ubaya unaongezeka maradufu, na kunoa kwa tupa kwa dakika chache kungeuzuia.

Hadi hapa nimezungumzia mwili wa baa. Kingo zake, zile reli mbili ambazo mnyororo hupita juu yake, zina kifo chao, na hicho huletwa na joto. Mnyororo hukimbia kwa kasi ya karibu mita 20 kwa sekunde, chuma juu ya chuma, na kinachovitenganisha ni utando wa oili tu. Utando ukikatika, reli huwaka. Chuma kikifika nyuzi joto 300 hivi za Selsiasi hugeuka buluu, na reli yenye mabaka ya buluu imepoteza ugumu wake: italika upesi, itatanuka, na vipande vitaanza kumeguka.

Kazi inayozitesa reli kuliko zote hapa kwetu ni kupasua mbao kwa chensoo ya mkononi. Kukata gogo kwa upana huchukua muda mfupi, kisha mashine hupumua. Kulipasua kwa urefu ni injini kunguruma mfululizo, baa ikiwa imezama ndani ya mti. Ukiongeza mvule, ambao baadhi ya magogo yake huficha ndani vijiwe vya kalisi kaboneti, meno huwa butu bila mpasuaji kujua kilichomsibu, na mnyororo butu haukati ila kusagasaga na kuchemka. Halafu tangi limejazwa oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya lori! Ni ya bure, lakini ina chembe za chuma na masizi, na huruka kutoka kwenye mnyororo kabla haijafika nchani. Kipimo cha oili ni rahisi: elekeza ncha kwenye kisiki cheupe bila kukigusa, ongeza moto, na mstari wa oili uonekane.

Mnyororo uliolegea nao una saini yake: mashimo mafupi kwenye reli, nyuma kidogo ya ncha, pale unapotua kwa kishindo baada ya kuizunguka. Na reli zikilika hadi mfereji ukawa wa kina kifupi, viungo vya chini vya mnyororo hugusa sakafu yake na kuanza kuzitenganisha reli. Kuigeuza baa juu chini kila unaponoa husambaza uchakavu pande zote mbili, na tupa bapa huondoa makali yanayojitokeza ubavuni.

Ufa ambao bado mwembamba hauonekani kwa jicho, lakini karakana za treni za zamani zilikuwa na njia inayofaa hadi leo. Safisha baa, ipake mafuta ya taa, iache kwa muda, ifute ikauke kabisa, kisha nyunyizia unga wa chaki kuzunguka matundu. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuchora mstari mweusi kwenye chaki.

Baa yenye mstari huo isichomelewe. Moto wa kuchomelea hukifanya chuma cha kando ya kiungo kuwa kigumu na chepesi kuvunjika, na cha mbali kidogo kuwa laini. Ufa mpya utapita hapohapo, mnyororo ukiwa kasini. Ncha iliyochakaa ni jambo jingine: baadhi ya baa huuzwa na ncha ya kubadilisha, ukitoboa ribiti za zamani na kugonga mpya.