Kubadili mafuta ya moteri: wewe mwenyewe ao fundi?



Tuchukue mfano. Mtumishi mmoja ana motokari ya zamani, aliyoinunua kwa akiba ya miaka mingi. Jumapili asubuhi, mbele ya nyumba yake, anataka kufanya vidanje: kutoa mafuta machafu ya moteri na kutia mapya. Anainua motokari kwa kriki, ambayo wengine huita jeki. Anaweka jiwe nyuma ya gurudumu moja, kisha analala chali na kuingia chini. Usiku mvua ilinyesha, udongo ni laini. Watoto wamechuchumaa karibu wanatazama kazi ya baba. Kriki inaanza kuzama upande mmoja, polepole, bila sauti.

Mtu huyu akiwa kazini hangefanya hivyo. Pale anajua kwamba haruhusiwi kuingia chini ya mashine iliyoinuliwa isipokuwa imetegemezwa kwa chuma. Lakini sheria ameiacha kwenye mlango wa kampuni pamoja na kofia yake. Uzito wa motokari haujui kama leo ni Jumapili.

Wengi wanatuuliza: ni vema kubadili mafuta wewe mwenyewe, ao kumlipa fundi wa garaji? Tutazame jambo hili kwa utaratibu.

FAIDA IKO WAPI?

Wengine wanasema: "Nikifanya mwenyewe, ninaokoa pesa." Hesabu vizuri. Mafuta mapya utayanunua tu, ufanye wewe ao afanye fundi. Filtri vilevile. Unachookoa ni malipo ya mikono ya fundi peke yake, na hayo ndiyo sehemu ndogo ya gharama.

Faida kubwa iko mahali pengine: unajua kwa macho yako ni mafuta gani yameingia. Sokoni kuna makopo ya jina zuri ambayo yamejazwa tena mafuta mabaya. Nunua kopo ambalo kifuniko chake hakijavunjwa. Soma namba iliyoandikwa, kama vile 15W-40, uilinganishe na kitabu cha motokari yako. Mwenye pikipiki aangalie zaidi: katika pikipiki nyingi ambriaji inaoga katika mafuta yaleyale ya moteri, na mafuta mengine ya motokari huifanya iteleze. Anunue yaliyoandikwa kwamba ni ya pikipiki.

KILOMETA HAZISEMI YOTE

Kitabu kinaweza kusema: badili kila kilometa 10,000. Maneno hayo ni ya barabara nzuri. Huku kwetu, kutoka Sake kupanda Masisi, ao kutoka Masisi kushuka Walikale, gari linatembea kwa vitesi vya kwanza na cha pili saa nyingi, katika matope, vumbi na milima. Kilometa zinakuwa chache, lakini moteri imefanya kazi ya siku nzima. Kwa njia za namna hii viwanda vyenyewe hushauri kupunguza kipimo, mara nyingi hata nusu yake. Usingoje mpaka mafuta yawe kama lami.

Tena, baada ya kuvuka maji yenye kina, vuta kijiti cha kupimia kabla ya kuwasha moteri. Mafuta yakiwa na rangi ya kahawa yenye maziwa, maji yameingia. Usiwashe. Hapo ni kazi ya fundi.

HATARI YA KWANZA: UZITO

Kriki imetengenezwa kwa kuinua. Haikutengenezwa kwa kushikilia motokari wakati mtu yuko chini yake. Mawe na matofali hupasuka, na magogo hubingirika. Kama huna miguu ya chuma ya kutegemeza, pamoja na uwanja mgumu na wa sawasawa, usiingie chini. Hakuna "dakika mbili tu".

Pikipiki haihitaji kuinuliwa. Inatosha isimame imara. Jeep nyingi ziko juu ya kutosha, mtu anafikia buloni ya kutolea mafuta magurudumu yote manne yakiwa chini. Hata hivyo zima moteri, vuta breki ya mkono, zuia magurudumu mbele na nyuma, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Motokari ndogo ya chini ipeleke kwenye garaji yenye shimo.

HATARI YA PILI: MOTO

Moteri ikitoka kazini, mafuta yake yanaweza kufika digri 100. Maji ya digri 60 tu huunguza ngozi vibaya kwa muda wa sekunde 5 hivi. Na mafuta yanashika ngozi, hayaanguki upesi kama maji. Ni kweli mafuta yenye joto hutoka vizuri pamoja na uchafu. Basi ngoja mpaka yawe vuguvugu. Unapofungua buloni, uso na mkono viwe kando, siyo chini yake.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha apelekwe kwa muganga. Asipakwe dawa ya meno wala majivu.

HATARI YA TATU: NGOZI

Hatari hii ndiyo inayosahauliwa, kwa sababu haiumi siku ileile.

Mafuta yaliyotumika si sawa na mafuta mapya. Ndani ya moteri yanachanganyika na masizi, vipande vidogo vya chuma, na vitu vinavyoweza kuleta kansa ya ngozi. Mwaka 1775 muganga Percivall Pott wa London alieleza kwamba wafagiaji wa dohani walipata kansa ya mfuko wa korodani kwa sababu ya masizi. Mwaka 1922 waganga wa Manchester, Uingereza, walieleza ugonjwa huohuo kwa watumishi wa viwanda vya pamba, ambao nguo zao zililowa mafuta ya mashine siku baada ya siku. Leo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Kansa, lililoko Lyon, Ufaransa, linahesabu mafuta ya madini yasiyosafishwa vya kutosha kati ya vitu vinavyojulikana kuleta kansa kwa watu. Na panya waliopakwa mafuta yaliyotumika katika moteri za esanse walipata kansa ya ngozi.

Tone moja siyo la kukutisha. Hatari ni desturi: mikono ileile, kila juma, miaka kumi. Kwa hiyo:

— Vaa glavu za mpira.
— Usitie kitambaa chenye mafuta katika mfuko wa suruali. Kinalowesha ngozi iliyo laini kuliko zote.
— Usinawe kwa esanse wala mazuti. Jisugue kwa mafuta ya mawese kidogo, kisha sabuni na maji.
— Salopeti yenye mafuta isifuliwe pamoja na nguo za watoto.
— Ukiona kidonda kisichopona ao uvimbe mdogo mkononi ao sehemu za siri, usione haya. Nenda hospitali mapema.

Wako wanaopaka mafuta haya kwenye kidonda cha ng'ombe, ao kwenye mashilingi ya kichwa cha mtoto. Wengine wanayatia kwenye mnyororo wa msumeno wa moteri wanapopasua mbao, nayo yanawarukia usoni mchana kutwa. Wengine wanawashia makaa ya kupikia. Yote haya yaachwe. Mafuta haya si dawa, na moshi wake ni sumu.

HATARI YA NNE: MAJI YETU

Pikipiki ndogo inatoa karibu lita 1 ya mafuta machafu. Jeep ya dizeli inaweza kutoa lita 7 ao zaidi. Yanakwenda wapi? Mara nyingi kwenye mfereji, na mfereji unakwenda mtoni. Idara ya mazingira ya Marekani inasema kwamba mafuta ya vidanje moja yanaweza kuharibu galoni milioni moja za maji safi, ndiyo karibu lita milioni 3.8. Masisi ng'ombe wanakunywa katika vijito hivyo, na maziwa ni chakula chetu. Walikale, mto Lowa unapita katikati ya watu wanaochota, wanaooga na wanaovua.

Basi yakusanye katika bidoni yenye kifuniko kizuri. Usiyachanganye na maji wala esanse. Andika juu yake kwa herufi kubwa: MAFUTA MACHAFU. Usitumie kamwe chupa ya maji ao bidoni ya mawese, kwa maana mtoto ao mama mpishi atadanganyika. Uliza mkubwa wa garaji ya kampuni kama anaweza kuyapokea, kabla hujafungua buloni. Mtoto akiyanywa, asitapishwe: mafuta yanaweza kuingia katika mapafu. Apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

BASI, NANI ABADILI?

Jiulize maswali matatu:

1. Je, ninaweza kufikia buloni bila kuweka mwili wangu chini ya uzito usiotegemezwa?
2. Je, ninazo glavu, sabuni na chombo?
3. Je, najua mafuta machafu yatapelekwa wapi?

Ukijibu ndiyo mara tatu, fanya wewe mwenyewe, na watoto wakae mbali. Ukijibu hapana hata mara moja, mlipe fundi.

Lakini kumlipa fundi si kufunga macho. Peleka mafuta yako mwenyewe ao yafunguliwe mbele yako. Hakikisha filtri mpya imewekwa na buloni imekazwa. Moteri iwashwe kidogo, izimwe, mngoje, kisha mpime kwa kijiti pamoja. Mtazame pia kijana anayelala chini ya gari lako. Kama amelala chini ya kriki peke yake, mwambie atoke. Yeye pia ana mama, na pesa anazozifanyia kazi ni zako.

Ndugu mfanyakazi, ukirudi nyumbani acha kofia na salopeti kazini. Sheria za usalama uende nazo. Bibi na watoto wanangoja mtu mzima, siyo malipo ya vidanje yaliyookolewa.