Onyo Si Kinga

Hebu fikiria treni ya mizigo ikipita katikati ya mtaa wenu, baina ya watoto, mikokoteni na wachuuzi. Hivyo ndivyo ilivyokuwa New York, Marekani, upande wa magharibi wa Manhattan, tangu katikati ya karne ya 19.

Viwanda na maghala yalitaka nyama, maziwa na bidhaa nyingine ziwafikie mlangoni, basi reli ikalazwa juu ya barabara ya umma. Watu waligongwa wakafa, hata Barabara ya Kumi ikaitwa "Barabara ya Mauti".

Dawa iliyotafutwa ilikuwa mpanda farasi. Alitangulia treni, mchana akipunga bendera nyekundu, usiku akibeba taa nyekundu. Vifo havikukoma. Mwaka 1934 ndipo ilipofunguliwa reli iliyoinuliwa juu ya nguzo, ikipenya hata ndani ya majengo ya viwanda. Mpanda farasi wa mwisho aliacha kazi mwaka 1941. Treni za juu nazo zilikoma mwaka 1980, na mwaka 2009 wananchi wakafunguliwa bustani huko huko juu.

Funzo ni hili: mwenye mali akikwepa gharama ya njia salama, anayelipa ni mpita njia.