Watoto wanachimba ku simu: tuwafungulie serveri yetu wenyewe

Kila jioni, Kasongo sawa na Kabambare, picha ni ile ile. Mukreseri anarudi kutoka shimoni, mugongo unamuuma, hajakaa hata ku kiti, na mutoto ameshamufikia na simu mu mukono: « Papa, unipatie mia tano ya mega. » Mega ya nini? Ya kucheza na wenzake. Na mara nyingi ule muchezo wenyewe njo wa kuchimba.

Sisi wa sendika tulicheka kwanza. Baba anachimba muchana, mutoto anachimba usiku! Kisha tukafikiri: kama watoto wanakaa mu kartie moja, kwa nini muchezo wao upite intaneti ya mbali na kula feza ya chakula? Serveri si kitu cha Wazungu peke yao. Ni mashini moja inayochunga ile dunia ya muchezo, na wengine wanaingia ndani yake. Hiyo mashini inaweza kukaa kwetu.

Muchezo gani?

Minecraft, ule uliotoka Suede na ambao Microsoft ilinunua kampuni yake mu mwaka 2014, unalipishwa. Lakini kuko ndugu yake wa bure. Mu 2010, mutu mumoja wa Finlande, Perttu Ahola, alianza kuandika programu iliyoitwa Minetest. Toka 2024 inaitwa Luanti. Haiuzwe, na inatembea ku simu ya Android ao ku ordinatere ya zamani.

Kazi yenyewe ni hii. Mutu mumoja, tumwite mwenye serveri, anatafuta intaneti mara moja tu: anashusha Luanti, na ndani yake anashusha muchezo, kwa mufano Minetest Game. Programu anaweza kuipitisha kwa wengine simu kwa simu, bila mega. Halafu anaunda dunia, anachagua kuifungulia wengine, anaandika jina lake na neno la siri. Ile sehemu ya kutangaza serveri kwa watu wote wa dunia, aiache imefungwa.

Sasa anawasha ugawaji wa wifi ku simu yake. Wengine wanaunganisha, wanaandika anwani yake na namba ya mulango, 30000. Anwani inapatikana wapi? Ku simu ya mugeni, fungua maelezo ya ile wifi: namba yenye kuandikwa « passerelle », njo yenyewe. Picha zote za muchezo zinatoka kwa mwenye serveri. Hata rezo ikikatika kabisa, watoto wanaendelea kucheza.

Kwa kawaida programu inapokea watu 15, lakini simu nyingi zinachoka kugawa wifi mbele ya kufika pale. Kama muko na ordinatere na ruta ndogo, ni vizuri zaidi. Jambo la kuchunga ni moto. Grupe ikizimika gafla, dunia inaweza kuharibika. Ordinatere yenye batri nzuri inawapa nafasi ya kufunga pole pole. Na kila juma, mukopi dosie ya ile dunia ku kadi nyingine. Watoto wanaweza kulia siku tatu kwa nyumba iliyopotea.

Bati ya muchezo na bati yetu

Mu ule muchezo kuko dhahabu na kuko bati. Wengi wa watoto wetu hawajui kama kasiterite ambayo papa anabeba njo jiwe la bati lenyewe. Mu muchezo, vipande 8 vya shaba na kipande 1 cha bati vinatoa bronzi. Mutoto akiuliza, umuonyeshe jiwe. Pale muko mumeshaanza masomo.

Lakini kuko uongo mumoja, na huu njo ulitusukuma kuandika. Mu muchezo, muchanga na kokoto vinaanguka ukichimba chini yao. Jiwe, hapana. Unaweza kutoboa mulima muzima bila muti hata mumoja wa kushikilia, na paa la jiwe litabaki juu ya kichwa chako. Ukikufa, unarudi tena, na vitu vyako vinakungojea mu mifupa yako. Sisi ambao tumechimbua wenzetu kwa mikono tunajua kama shimoni hakuna kurudi. Wazazi, museme maneno haya kwa watoto wenu siku ya kwanza kabisa. Na mukumbuke: Code minier ya 2002, yenye ilirekebishwa mu 2018, inapatia kadi ya mukreseri mutu mukubwa peke yake. Mutoto achimbe ku simu, shimoni, hapana.

Nani anashika ufunguo?

Serveri ni kama chantier. Mwenye serveri anaweza kumufukuza mutu, kumurudisha, kumupatia mamlaka ao kumunyanganya. Kama mamlaka yote iko kwa mutoto mumoja mwenye simu kubwa, atafanya sawa PDG mubaya wa shimo: wengine watachimba, yeye atakula. Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Sheria ziandikwe mbele ya kuanza, watoto wenyewe wazipige kura. Ufunguo ushikwe na wawili, kijana mumoja na muzazi mumoja. Kila muchezaji atumie jina la kupanga, si jina lake la kweli, na neno la siri asimupe mutu.

Na saa zichungwe: masomo kwanza, usingizi pia.

Tulijaribu jioni moja, simu tano mu lupango moja. Mbele ya saa mbili, vita vilikuwa vimeshaanza: mumoja alivunja ukuta wa mwenzake ili achukue dhahabu. Wengine wakasimamisha muchezo, wakakaa chini, wakaamua arudishe. Alirudisha. Hakuna mukubwa aliyewaambia. Sisi wazazi tulitazamana tukanyamaza, maana ku mashimo yetu ya kweli, jambo kama lile mara ngapi tumeshindwa kulimaliza?